Nyumba ya Picha Yapiga Hodi

Desturi ya kupiga hodi ni ya kale, na maana yake hujulikana na kila mtoto aliyelelewa vema. Anayefika mlangoni husimama nje, hutoa sauti, kisha hungoja. Mwenye nyumba ndiye mwenye haki ya kusema karibu. Neno hilo likitoka kinywani mwa mgeni, mambo hugeuka: mwenyeji hujiona anakaribishwa katika kiwanja chake mwenyewe, na hapo hana budi kushangaa.

Mkasa wa namna hiyo uliikabili taasisi moja kubwa ya picha katika mji wa New York, nchini Marekani. Taasisi hiyo, iitwayo International Center of Photography, ni jumba la makumbusho ya picha na papo hapo ni chuo cha kufundisha upigaji picha. Tarehe 25 Januari mwaka 2020 ilifungua milango ya makao yake mapya, nambari 79 barabara ya Essex, katika mtaa wa Lower East Side. Jengo hilo lenye ghorofa nne na eneo la futi za mraba 40,000 lilisanifiwa na kampuni ya Gensler, kwa shabaha ya kuiweka taasisi wazi mbele ya watu wa mtaa na wa mji mzima.

Nia hiyo ni njema, wala hapana wa kuilaumu. Lakini mtaa ulikuwapo kabla ya jengo. Isitoshe, wakazi wake walikuwa wamekwisha kupigwa picha kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya nyumba ya picha kuhamia kwao. Basi ni nani aliyepaswa kumpigia mwenzake hodi?

MWANZO WAKE

Taasisi hiyo ilizaliwa na msiba. Mwanzilishi wake, Cornell Capa, alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1918. Kaka yake, Robert Capa, alikuwa mpiga picha mashuhuri wa vita, naye alikufa huko Indochina tarehe 25 Mei 1954 alipokanyaga bomu lililotegwa ardhini. Mwezi huo huo mpiga picha mwenzao, Werner Bischof, alikufa kwa ajali ya gari katika milima ya Peru. Mwaka 1956 David Seymour naye aliuawa karibu na mfereji wa Suez. Watu hao walikuwa wameacha maelfu ya picha, na Cornell alitambua kwamba mpiga picha akifa, kazi ya maisha yake yote huweza kusahauliwa katika masanduku mpaka ikaharibika.

Kwa hiyo mwaka 1966 alianzisha mfuko wa kuzihifadhi na kuzionyesha picha za namna hiyo, yaani picha zinazopigwa na mtu anayejali hali ya binadamu mwenziwe. Mwaka 1974 mfuko huo ulipata nyumba, ikawa makumbusho na chuo kwa pamoja. Mawazo ya Cornell Capa yalikuwa kwamba picha haitoshi kutazamwa tu ukutani. Sharti pia watu wafundishwe kuipiga na kuifahamu.

Nyumba hiyo ya kwanza, hata hivyo, ilikuwa kasri la tajiri mmoja wa zamani, lililojengwa katika pembe ya barabara ya Fifth Avenue na ile ya 94. Upande huo wa mji ni maskani ya wenye mali. Picha za wachimba migodi, wakimbizi na wakulima zikawa zinatundikwa katika vyumba ambavyo wachimba migodi, wakimbizi na wakulima wasingethubutu kuingia. Halikuwa kosa la mtu mmoja. Lakini jengo lina lugha yake, na mlango mzito wenye ngazi za mawe humwambia maskini maneno ambayo bawabu hana haja ya kuyatamka.

Mwaka 1985 taasisi ilifungua tawi katikati ya mji, na baadaye kasri likaachwa. Mwaka 2016 makumbusho yalihamishiwa barabara ya Bowery, lakini chuo kilibaki katikati ya mji. Matokeo yake ni kwamba viungo viwili vya mwili mmoja vilitengana. Mwanafunzi alijifunza mahali pamoja, na picha za wakubwa wa kazi yake zilionyeshwa mahali pengine. Naye mgeni aliyekuja kutazama maonyesho hakupata kuona kwamba picha ni kazi ya mikono, inayofundishika, na kwamba hata mwanawe angeweza kuifanya.

Jengo la barabara ya Essex lilikusudiwa kuondoa kasoro hizo. Makumbusho na chuo viliwekwa tena chini ya paa moja: kumbi za maonyesho, madarasa, studio, maktaba, na vyumba vya giza vya kusafishia picha. Upande wa barabarani uliwekwa vioo vikubwa, hata mpita njia aweze kuona ndani bila ya kulipa wala kuuliza. Ng'ambo ya barabara kuna soko la Essex, ambalo asili yake ni mwaka 1940, wakati meya Fiorello La Guardia alipowaondoa wachuuzi wa mikokoteni mabarabarani na kuwapa paa. Soko hilo lilihamia katika jengo lake jipya mwaka 2019. Hivyo basi, mwenye kapu la samaki na mboga akitoka sokoni hutazamana na nyumba ya picha uso kwa uso. Katika kasri la Fifth Avenue jambo hilo lisingewezekana.

MTAA ULIOTAZAMWA

Ili kuelewa kwa nini vioo peke yake havikutosha, yafaa kuutazama mtaa wenyewe. Lower East Side ni mahali ambapo wahamiaji waliteremsha mizigo yao kwa vizazi vingi: Waairishi, Wajerumani, Waitalia, Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, Wachina, na hatimaye watu wa Puerto Rico. Waliishi katika majengo marefu ya kupanga, yenye vyumba visivyo na madirisha, familia nzima ikilala, ikipika na kushona nguo za ujira katika chumba kimoja.

Katika miaka ya 1880 mwandishi wa magazeti, Jacob Riis, yeye mwenyewe mhamiaji kutoka Denmark, aliingia katika vyumba hivyo na kamera. Wakati huo ulikuwa umevumbuliwa unga wa magnesi unaowaka kwa mwanga mkali, na ikawa rahisi zaidi kupiga picha mahali penye giza. Riis aliwaendea watu usiku, pengine bila ya hodi, akawasha unga wake, na kabla hawajafahamu kilichotokea picha ilikuwa imekwisha pigwa. Alisimulia mwenyewe jinsi siku moja alivyoliunguza jengo alimokuwa akipiga picha, ingawa moto ulizimwa.

Kitabu chake, How the Other Half Lives, kilichotoka mwaka 1890, kiliwatikisa wenye mamlaka. Juhudi zake na za wenzake zilisaidia kuleta sheria ya mwaka 1901, iliyolazimisha nyumba mpya za kupanga ziwe na madirisha, maji na vyoo. Faida hiyo haikanushiki. Lakini katika kurasa hizo hizo Riis aliandika maneno ya dharau juu ya Wachina, Waitalia na Wayahudi, na wengi wa watu aliowapiga picha hawakutajwa kwa majina. Walisaidiwa bila ya kuulizwa. Nyuso zao zikasafiri duniani, na wenyewe hawakuwa na sauti juu ya safari hiyo.

Pamoja na hayo, mtaa haukuwa wa kutazamwa tu. Mwaka 1899 alizaliwa, katika mji ambao leo uko Ukraine, mtoto aitwaye Usher Fellig. Alipofika miaka kama kumi alihamia New York, akakulia Lower East Side katika umaskini. Aliacha shule mapema akawa mpiga picha wa barabarani. Alikodi farasi mdogo, akawa anawapandisha watoto wa mtaa juu yake siku za mapumziko, anawapiga picha, kisha anawauzia wazazi wao. Watu waliokosa nafasi ya kujinyoosha nyumbani walitoa senti zao kwa picha hiyo, kwa kuwa ilimwonyesha mtoto wao akiwa juu ya farasi kama mwana wa tajiri.

Kijana huyo ndiye aliyejulikana baadaye ulimwenguni kwa jina la Weegee, bingwa wa picha za usiku za jiji la New York. Alifariki mwaka 1968. Mwaka 1993 hazina ya kazi zake, yenye picha zinazokaribia 20,000, ilikabidhiwa International Center of Photography. Kwa hiyo, taasisi ilipohamia barabara ya Essex, ilikuwa imeshika mikononi kazi za mtoto wa mtaa huo huo. Aliyetazama na aliyetazamwa walikuwa wamekutana katika mtu mmoja.

Katika maonyesho ya ufunguzi wa mwaka 2020, taasisi ilitenga nafasi kwa picha za Lower East Side zilizotoka katika hazina yake. Karibu nazo kulikuwa na maonyesho ya historia ya muziki wa hip-hop, ambao ni mtoto wa mitaa ya New York, na kazi za Tyler Mitchell, kijana Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Atlanta. Hapo ilionekana kwamba jengo jipya lilitaka kumwambia mwenyeji neno la adabu: kwanza tazama kilicho chako.

VIWANJA VITUPU

Lakini adabu ya ukutani haifuti habari ya ardhi. Mwaka 1967 serikali ya mji wa New York ilibomoa majengo mengi upande wa kusini wa barabara ya Delancey, kwa jina la kuuendeleza mtaa. Familia zipatazo 1,800, wengi wao watu wa kipato cha chini kutoka Puerto Rico, ziliondolewa kwa ahadi kwamba nyumba mpya zikijengwa wao ndio watakaorudi kwanza. Nyingi za nyumba hizo hazikujengwa. Sehemu kubwa ya viwanja ikawa mahali pa kuegesha magari kwa muda wa karibu miaka 50, huku wanasiasa na vikundi vya wakazi wakibishana nani apewe na nani anyimwe. Waliotolewa wakiwa na watoto wachanga walikuwa wazee wenye wajukuu mwaka 2012, wakati mpango mpya ulipopitishwa.

Mpango huo, uitwao Essex Crossing, uliunganisha viwanja hivyo na vingine vya jirani. Ulikusudia kujenga fleti zaidi ya 1,000, nusu yake kwa kodi au bei nafuu ya kudumu, na wapangaji wa zamani walipewa kipaumbele. Jengo moja la wazee katika barabara ya Delancey lilipewa jina la Frances Goldin, mwanamke aliyepigania haki za wapangaji wa mtaa huo kwa miongo mingi na kufariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 95. Soko jipya ni sehemu ya mpango huo, na nyumba ya picha ni sehemu yake vile vile.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Kwa mzee aliyeondolewa mwaka 1967, jengo la vioo lenye taa nzuri linaweza kuwa na maana mbili. Laweza kuwa ni ishara kwamba mtaa wake umekumbukwa. Pia laweza kuwa ni ishara kwamba mtaa umepambwa kwa ajili ya wengine, watakaokuja na fedha na kupandisha kodi. Kioo kina tabia ya ajabu: huonyesha kila kitu kilichomo ndani, lakini hakimruhusu mtu kukigusa. Dirisha la duka la dhahabu nalo ni la kioo.

KARIBU YA KWELI

Nyumba ya watu wote, basi, hupimwa kwa mambo manne yaliyo wazi. La kwanza ni kiingilio: je, familia ya watu watano yaweza kuingia bila ya kuacha chakula cha jioni? La pili ni ukuta: je, sura na majina ya watu wa mtaa yamo, au wamo wageni peke yao? La tatu ni lugha: je, anayesoma Kihispania au Kichina tu ataelewa anachotazama? La nne, ambalo ndilo kubwa, ni mkono: je, aliyezoea kupigwa picha atapewa kamera aishike mwenyewe?

Jambo hilo la nne ndilo linaloufanya muungano wa makumbusho na chuo uwe na thamani. Makumbusho peke yake humfanya mwenyeji kuwa mtazamaji. Chuo humfanya kuwa mtendaji. Kabla ya kuhamia Essex, taasisi hiyo ilikuwa imekwisha kuonja matunda ya njia hiyo kwa miaka mingi katika mtaa wa Hunts Point, wilaya ya Bronx. Huko ilishirikiana na jumuiya ya wakazi iitwayo The Point katika kuwafundisha vijana kupiga na kusafisha picha. Vijana hawakuitwa kwenye kasri. Mwalimu ndiye aliyewafuata, akapiga hodi.

Mtihani mwingine ulikuja upesi kuliko ilivyotazamiwa. Jengo jipya halijatimiza miezi miwili, ugonjwa wa korona uliingia New York, na mwezi Machi 2020 milango yote ya vioo ikafungwa. Nyumba iliyojengwa ili watu waingie ikawa haina mtu. Taasisi haikukaa kimya. Iliwaomba watu popote walipo duniani wapige picha za maisha yao katika siku hizo za kujifungia na kuzituma. Zilifika picha nyingi sana kutoka nchi nyingi: za wauguzi, za meza za chakula, za mazishi, za watoto wakisoma jikoni, za maandamano yaliyofuata mwaka huo. Milango ilipofunguliwa tena mwezi Oktoba, zilitundikwa ukutani picha za mabingwa na za watu wa kawaida bega kwa bega. Mlango ulipofungwa ndipo karibu ilipokuwa pana zaidi, kwa kuwa safari hii watu hawakualikwa kutazama. Waliulizwa habari zao.

MFANO WA JOHANNESBURG

Fikira ya kuwapa kamera waliotengwa haikai New York peke yake. Mwaka 1989, Afrika Kusini ikiwa bado chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, mpiga picha David Goldblatt alianzisha chuo kiitwacho Market Photo Workshop mjini Johannesburg. Wakati huo kijana Mwafrika aliyetaka kujifunza upigaji picha alikuta karibu milango yote imefungwa. Goldblatt hakujenga kasri. Alianza kwa darasa dogo lisilobagua rangi, na baada ya muda chuo kikapata ukumbi wake wa maonyesho, ambamo kazi za wanafunzi huonekana na watu wa mji wao.

Mmoja wa waliopita katika chuo hicho ni Zanele Muholi, mzaliwa wa kitongoji cha Umlazi, Durban, mwaka 1972. Muholi alimaliza masomo hapo mwaka 2003, kisha akawapiga picha watu wa jamii yake ambao wengine hawakutaka waonekane, akiandika majina yao. Mwaka 2013 International Center of Photography ilimtunukia Goldblatt tuzo ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote, na mwaka 2016 Muholi naye alipewa tuzo na taasisi hiyo hiyo. Mwalimu na aliyesoma katika chuo chake walifika ukumbi mmoja kwa kuwa miaka mingi nyuma mlango mdogo ulikuwa umeachwa wazi.

Tofauti kati ya picha za Riis na za Muholi si ya kamera wala ya mwanga. Ni ya jina. Katika picha za kwanza, mtu ni mfano wa umaskini. Katika za pili, mtu ni fulani, ana jina lake, ameulizwa, na amekubali.

Somo hilo lafaa hata katika nyumba za watu. Karibu kila familia ina albamu au bahasha ya picha za zamani, na nyingi hazina maandishi nyuma. Bibi akifariki, hufariki pamoja na majina ya waliosimama kando yake siku ya harusi. Mtoto akipewa kalamu akae na bibi yake alasiri moja, aandike nani ni nani na mahali gani na mwaka gani, nyumba hiyo nayo huwa makumbusho na chuo kwa saa chache, bila ya fundi wala msanifu.

Ama jengo la barabara ya Essex, vioo vyake vimekwisha wekwa, na kazi iliyobaki ni ya watu. Litahukumiwa kwa hesabu ya watoto wa soko la ng'ambo watakaoingia kutazama, wakarudi kujifunza, na mwishowe wakatundika picha zao ukutani. Siku mama wa mtaa atakapowaambia wageni wake, "Twendeni nikawaonyeshe nyumba yetu ya picha," hodi itakuwa imeitikiwa na mwenye haki ya kuitikia.